Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Vijijini

Kumbuka siku ya kwanza ulipoingia darasa la kisomo. Uliketi na wenzako, ukatazama herufi ubaoni, na herufi hizo hazikukwambia kitu. Leo umeshika kitabu hiki na unasoma bila kusomewa. Hiyo si kazi ndogo.

Katika kitabu hiki utasoma maisha ya mtu mmoja wa Uganda aliyefariki zamani. Jina lake Apolo Kivebulaya. Alipokuwa mtoto hapakuwa na shule kijijini kwao. Alijifunza kusoma akiwa kijana mkubwa. Baadaye alivuka milima na mito kwenda kuwafundisha watu wa vijijini kusoma Biblia. Kisha akafanya jambo kubwa zaidi: aliwafundisha wanavijiji wenyewe wawe walimu.

Huenda wewe ni Mkristo, au Mwislamu, au unafuata dini ya wazee wako. Soma tu. Maisha ya mtu huyu yana mafunzo kwa kila anayefundisha na kila anayejifunza.

1. Pacha wa Kiwanda

Apolo alizaliwa karibu na mwaka 1864 katika kijiji cha Kiwanda, wilaya ya Singo, nchini Buganda. Alizaliwa pacha. Waganda wana majina maalumu ya pacha. Mvulana anayetangulia kuzaliwa huitwa Waswa, na anayemfuata huitwa Kato. Yeye alitangulia, akaitwa Waswa.

Alipokua, alipelekwa kwa mganga ili ajifunze kazi ya uganga. Huko aliona mambo ambayo wagonjwa hawakuyaona. Aliona jinsi watu walivyodanganywa na kutozwa mali yao. Jambo hilo lilimchukiza, akaiacha kazi ile.

Wakati huo Buganda ilikuwa na mambo mengi mapya. Uislamu ulikuwa umefika kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani. Wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa wamefika mwaka 1877, na Wakatoliki mwaka 1879. Waswa alifuata Uislamu kwanza. Kisha akasikia mafundisho ya Alexander Mackay, fundi kutoka Scotland aliyefika Buganda mwaka 1878.

Hapa Kiswahili kinaingia katika habari yetu. Mackay alipofika hakujua Kiganda. Alijua Kiswahili, na vitabu alivyokuwa navyo vilikuwa vya Kiswahili, vilivyotafsiriwa Unguja. Kwa hiyo Waganda wengi wa kwanza waliojua kusoma walisoma maneno ya Kiswahili kabla ya kusoma lugha yao. Baadaye Mackay alichonga herufi, akapiga chapa karatasi za Kiganda.

Watu wa Buganda waliwaita wafuasi wa dini mpya kwa jina moja tu: wasomaji. Mtu hakuulizwa kwanza anaamini nini. Aliulizwa kama anasoma.

2. Askari mwenye koti

Mwaka 1888 vita vilizuka Buganda. Kabaka Mwanga aliondolewa kitini. Makundi ya dini yalipigana, na Wakristo wengi walikimbilia Ankole, upande wa magharibi. Waswa naye alipita katika taabu hizo. Alijua kushika bunduki, na alijua njaa ya mkimbizi.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard, Mwingereza, aliongoza jeshi kwenda Toro, karibu na milima ya Ruwenzori. Waswa alikuwa katika safari hiyo. Jeshi hilo lilimrudisha Kasagama katika ufalme wa Toro. Ndipo Waswa alipoziona kwa mara ya kwanza nchi zile ambazo angefanyia kazi maisha yake yote.

Katika siku hizo alipata koti jekundu la askari, akalivaa juu ya kanzu yake. Watu wakamwita Kivebulaya. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Jina hilo la utani halikumtoka tena.

Alikuwa ameoa, lakini mkewe alifariki. Hakuoa tena. Tarehe 27 Januari 1895 alibatizwa na kuitwa Apolo. Katika Biblia, Apolo ni mwalimu aliyeyajua sana Maandiko. Mwaka huohuo, Apolo wa Kiwanda alijitolea kwenda Toro kuwa mwalimu. Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini.

3. Safari ya Mboga

Upande wa magharibi wa milima ya Ruwenzori kuna bonde la mto Semliki. Ng'ambo ya mto huo kuna nchi ya Mboga, ambayo leo huandikwa Boga. Mbele ya Mboga unaanza msitu mkubwa wa Ituri, katika nchi ya Congo.

Kabla ya Apolo, walimu wawili Waganda walikuwa wamekwenda Mboga. Mtawala wa huko aliitwa Tabaro. Mwanzoni aliwapokea, kisha akawakasirikia. Aliwakataza watu wasiwape chakula wala wasiwauzie. Walimu wale hawakuzoea kulima. Kwao Buganda, kulima ndizi na viazi ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume aliyeshika jembe alichekwa. Wakaona njaa. Wakarudi.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo aliondoka Toro kwenda kushika nafasi yao. Milima ya Ruwenzori ni mirefu sana. Kilele chake kina zaidi ya mita 5,000, nacho kina barafu mwaka mzima. Apolo alipanda njia za mlimani kwa miguu, akashuka bondeni kwenye joto, akavuka Semliki.

Alipofika Mboga alikuta mambo ni yaleyale. Chakula hakuna. Apolo hakulalamika. Alichukua jembe akalima. Alipanda chakula chake mwenyewe, akakata miti na matete, akajenga. Watu walishangaa kumwona mwalimu mwenye vumbi miguuni na sugu mikononi. Lakini baada ya muda, wale waliokuja kumtazama akilima walibaki kumsikiliza akisoma.

4. Mkuki katika nyasi

Usidhani kwamba watu wote wa Mboga walikuwa wabaya na Apolo peke yake alikuwa mwema. Fikiri kidogo. Mgeni ametoka nchi yenye nguvu. Aliwahi kuja upande huu na jeshi. Anasema mizimu iachwe, pombe iachwe, na wanaume wasioe wake wengi. Mtawala anaona watu wake wanaanza kumsikiliza mgeni. Je, wewe ungekuwa Tabaro, usingekuwa na wasiwasi?

Tabaro aliona heshima yake inapungua. Apolo akateswa, akapigwa, lakini hakuondoka.

Kisha likatokea jambo baya. Mwaka 1898 Apolo alikuwa akikata matete ya kujengea kanisa. Mkuki wake ulikuwa umeachwa katika nyasi. Mwanamke mmoja wa jamaa ya Tabaro akauangukia, ukamchoma, akafa.

Haikuwa kusudi. Lakini maiti alikuwapo, na mkuki ulikuwa wa Apolo. Maadui zake wakasema ameua. Alifungwa, akapelekwa Toro mbele ya afisa Mwingereza, akatiwa gerezani.

Ndugu msomaji, hebu mfikirie Apolo gerezani. Mtu amekufa kwa mkuki wake, na jambo hilo hawezi kulifuta. Kazi ya miaka miwili imevunjika. Wasomaji aliowaacha Mboga ni wachache, na hawana mwalimu. Angeweza kusema imetosha, akarudi kwao Kiwanda. Hakuna mtu ambaye angemlaumu.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika taabu ile usiku mmoja alimwona Yesu aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa sababu yuko pamoja naye. Tangu hapo, alisema, hakuogopa tena. Baada ya muda ilionekana kwamba hakuua kwa kusudi, akafunguliwa. Naye akarudi Mboga.

Hapo moyo wa Tabaro ulianza kugeuka. Alimwona mtu aliyempiga na kumfunga akirudi bila kisasi. Mwishowe Tabaro mwenyewe alijifunza, akabatizwa, akaitwa Paulo.

5. Darasa la Apolo lilikuwaje?

Labda unajiuliza Apolo alifundisha kwa njia gani. Njia yenyewe si ngeni kwako.

Katika makanisa ya Buganda na Toro, mwanafunzi alipewa kwanza karatasi yenye herufi na silabi. Alisoma ba, be, bi, bo, bu, kama ulivyosoma wewe. Kisha alisoma maneno mafupi. Baadaye alisoma Injili. Kwa kawaida, mtu mzima hakubatizwa mpaka aweze kusoma, isipokuwa mzee sana au mwenye macho mabovu. Kwa hiyo kanisa lilikuwa pia darasa la kisomo.

Vitabu vilikuwa adimu. Biblia nzima ya Kiganda ilipatikana mwaka 1896. Ilikuwa kazi ya George Pilkington, aliyesaidiwa sana na Mganda, Henry Wright Duta. Kitabu hicho kilifanywa kinene na chembamba kwa upana, ili kiingie katika kopo la biskuti na kisiliwe na mchwa. Kila anayeishi kijijini anajua kwa nini! Mchwa hawachagui kitabu cha dini wala cha serikali.

Lakini palikuwa na shida moja. Walimu wa kwanza waliotoka Buganda walifundisha kwa Kiganda. Watu wa Toro na Mboga wana lugha yao. Je, mtu asome lugha ya jirani ndipo ajue kusoma? Apolo alijifunza lugha ya wenyeji, na vitabu vya Kinyoro na Kitoro vilipopatikana, watu walisoma lugha ya nyumbani kwao. Mtu akisoma lugha yake hasomi sauti tu. Anaelewa.

6. Mwalimu wa walimu

Sasa tumefika mahali penye maana kubwa katika maisha ya Apolo.

Mwaka 1900 Askofu Tucker alimfanya Apolo kuwa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi. Kwa miaka mingi alifanya kazi Toro, akizunguka kutoka kijiji hadi kijiji. Alikwenda kwa miguu na baadaye kwa baiskeli ilipowezekana. Vijiji vilikuwa vingi, na yeye alikuwa mmoja.

Angeweza kufanya kama wageni wengi wanavyofanya. Mgeni hufika, huhubiri, watu hupiga makofi, kisha huenda zake. Maneno yake hukauka kama umande. Apolo aliona kwamba kijiji kinahitaji mtu anayekaa hapo. Kinahitaji mtu anayejulikana na majirani, anayelima nao na kuzika nao, na ambaye jioni anaweza kufungua kitabu akasoma.

Kwa hiyo alichagua watu kutoka miongoni mwa wasomaji wake. Aliwafundisha wasome vizuri, waelewe wanachosoma, na waweze kumweleza asiyejua. Kisha aliwatuma vijijini. Mwalimu wa namna hiyo hakuwa bwana mkubwa. Alijenga kanisa la matete na nyasi pamoja na wanakijiji. Posho yake ilikuwa ndogo, akaishi kwa shamba lake.

Apolo hakuwatuma na kuwasahau. Aliwatembelea, akawasikiliza wakifundisha, akawasahihisha. Alipofika kijijini alikagua kanisa, na pia shamba. Alijua kwamba mwalimu mwenye njaa hakai. Hilo alilijifunza siku ya kwanza alipofika Mboga.

Unaona tofauti? Mtu mmoja akisoma, mtu mmoja ameelimika. Mtu mmoja akifundishwa kufundisha, kijiji kizima kinaweza kuelimika. Hata katika kisomo chetu, mara nyingi mwalimu wa kujitolea ni mwanakijiji aliyetangulia hatua moja tu mbele ya wenzake.

7. Watu wa msituni

Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walipatana juu ya mipaka yao. Mboga ikawa upande wa Congo ya Wabelgiji. Mpaka ukawatenga walimu wa Toro na wanafunzi wao. Karibu na mwaka 1915 Apolo aliomba arudi Mboga. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwenye heshima Toro, na angeweza kukaa huko kwa raha. Akachagua kuvuka tena Semliki.

Kutoka Mboga aliwatuma walimu mpaka pembeni mwa msitu. Humo msituni wanaishi Wambuti, watu wafupi, wawindaji hodari. Hawakai mahali pamoja. Hujenga vibanda vya matawi na majani, huwinda, hukusanya asali, kisha huhama. Huwapelekea wakulima nyama na asali, wakapata ndizi na vitu vingine.

Wakulima wengi waliwadharau Wambuti. Wengine waliwahesabu kuwa si watu kamili. Apolo hakukubali. Tangu mwaka 1921 alianza kuingia msituni kuwatafuta. Mwanzoni walimkimbia. Aliingia tena na tena, bila silaha na bila haraka, mpaka wakamzoea.

Kuwafundisha watu wanaohama ni kazi ngumu. Ukijenga darasa leo, kesho wanafunzi wamehamia kambi nyingine. Apolo alifuata kambi zao. Alijifunza maneno ya lugha yao, akayaandika. Alitafsiri Injili ya Marko katika lugha hiyo ambayo haikuwa na kitabu hata kimoja. Mwaka 1932 Wambuti wa kwanza walibatizwa. Angalia muda: kutoka 1921 mpaka 1932 ni miaka kumi na moja. Mwalimu asiye na subira angeondoka mwaka wa pili.

8. Mwisho wa safari

Mwaka 1922 Apolo alipewa cheo cha kanoni katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala. Ni heshima kubwa. Hakuhamia Kampala. Aliendelea kuishi Mboga, akilima bustani yake, akiwatunza watoto wasio na wazazi, na kuandika habari za kazi yake katika madaftari. Baadhi ya madaftari hayo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Alichopata aliwagawia wengine.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa alitoa ombi moja. Aliomba wakati wa kumzika kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, badala ya mashariki, upande wa kwao. Maana yake ni kwamba kazi bado iko mbele, huko ambako haijafika. Walimzika hivyo.

Je, kazi ilikufa pamoja naye? Haikufa, kwa sababu haikuwa ya mtu mmoja. Walimu wa vijijini waliendelea. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 kanisa la Anglikana la nchi hiyo likawa jimbo lenye askofu mkuu wake. Katika makanisa mengi ya mashariki ya Congo watu husali na kusoma kwa Kiswahili, lugha ileile uliyojifunza kuisoma wewe.

Watu wa Boga wamepata pia misiba. Mwaka 2021 walishambuliwa na watu wenye silaha, na wengi waliuawa. Tunapowakumbuka waliotangulia, tuwakumbuke na wanaoishi huko leo.

9. Tujifunze nini?

Apolo hakuwa mtu asiye na kosa. Alikuja kwanza na jeshi, na katika siku zile dini mpya na utawala wa kigeni vilisafiri njia moja. Watu walikuwa na sababu ya kumshuku. Lakini alilivua lile wazo la ukubwa. Alishika jembe mahali ambapo wenzake waliona aibu. Alijifunza lugha ya wale aliowafundisha. Alirudi kwa watu waliomfunga. Na zaidi ya yote, aliwaachia kazi wenyeji, wakaweza kuifanya yeye alipokuwa hayupo.

Ndugu msomaji, umeisoma habari hii mpaka mwisho. Sasa mtafute jirani asiyejua kusoma. Mkalie karibu. Mwonyeshe herufi ya kwanza.

Maana ya maneno

Pacha: watoto waliozaliwa pamoja kwa mimba moja.
Sugu: sehemu ngumu ya ngozi inayoota kwa kazi ya mikono.
Shemasi: mtumishi wa kanisa aliye chini ya kasisi.
Kanoni: cheo cha heshima cha kasisi katika kanisa kuu.
Dayosisi: eneo la kanisa linaloongozwa na askofu.
Kushuku: kumdhania mtu vibaya.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini walimu wawili wa kwanza waliondoka Mboga?
2. Apolo alifanya nini ili asishindwe na njaa?
3. Kwa nini wafuasi wa dini mpya Buganda waliitwa wasomaji?
4. Je, Tabaro alikuwa na sababu ya kumwogopa Apolo? Toa mawazo yako.
5. Kuna faida gani mwalimu akitoka katika kijiji chenyewe? Je, kuna shida pia?
6. Katika kijiji chenu, ni watu gani wanaodharauliwa na kuachwa nyuma katika elimu? Mtafanya nini?